Fenda ya Kushoto

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia vitumbua kabla hujalisoma, usijali. Nitakupitisha haraka haraka, halafu twende.

Anifa wa Kanyenye anaolewa Ijumaa hii. Ni mjane. Mumewe wa kwanza, Rashidi, aligongwa na gari mwaka juzi akitoka shamba Itetemia kwa baiskeli, anawahi futari. Gari likakimbia. Polisi walilitafuta, ndugu wakalitafuta, wapi! Kilichobaki ni baiskeli iliyopinda, na kwenye chuma chake imeganda rangi ya damu ya mzee iliyotoka kwenye gari hilo. Baiskeli hiyo Anifa hajaitupa mpaka leo. Iko uani chini ya turubai, na kila gari la damu ya mzee likipita mjini yeye husimama akalikagua kwa mbele.

Waliomshika mkono wakati ule ni watu wawili. Wa kwanza ni kaka yake Majidi, dereva, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Kidole chake cha shahada kilikatwa na msumeno wa mbao alipokuwa kibarua akimtafutia Anifa ada ya shule. Huyo ndiye atakayekuwa walii wake, wa kumwozesha, Ijumaa. Wa pili ni Abdulatifu, mnunuzi wa mpunga, bosi wa Majidi. Huyo alileta mchele msibani, akaleta sukari, akazoea kuja kujulia hali, mwishowe akaleta posa.

Sasa Abdulatifu kaenda Igalula kununua mpunga, kamwachia mchumba wake gari, Kresta ya rangi ya fedha. Kamwambia, "Liendeshe utakavyo, ila usilipeleke kwa waosha magari wala kwa mafundi rangi. Nikirudi nitalishughulikia mwenyewe."

Na Anifa, mwanamke anayependa magari kuliko dhahabu, kalipeleka moja kwa moja kwenye mafunzo ya kung'arisha magari kwa mashine. Alitaka siku ya ndoa bwana harusi asiamini macho yake.

Tulimwacha getini. Tuingie naye. Mwenyewe kaniambia niseme yote, nisimfunike popote.

Mafunzo yalikuwa kwenye uwanja wa kuoshea magari nyuma ya stesheni. Wapenda magari wa Tabora walikuwa wamejaa, kila mmoja na lake. Bernadeta, jirani yake Anifa mwenye duka la vifaa vya shule, alikuja na kigari chake cha bluu. Mzee Xavery, mstaafu wa reli, alikuja na pikapu ambayo watu walimshauri aizike.

Mwalimu wao, fundi Twalibu, alitoka Dar es Salaam. Alikuwa Mzaramo. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoleta yote.

Mnasikia utani mnadhani ni mchezo? Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu zetu walipoteremka na mizigo kichwani mpaka pwani, wakafika hoi, wenyeji wakawapokea kwa matusi na ubwabwa. Mtani atakutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kununa. Atachukua kuku wako na utamsindikiza. Siku ya msiba wa Rashidi watani walijilaza mlangoni, wakazuia jeneza lisitoke mpaka wapewe chochote, na Anifa, na machozi yake yote yale, alicheka. Ndiyo kazi yao. Neno la mtani haliwekwi moyoni.

"Mwangaluka!" Twalibu alipaza salamu ya Kinyamwezi alipowaona wanafunzi wake. "Kumbe mmekuja mnaendesha? Nilidhani Wanyamwezi mtayabeba kichwani."

"Tungeyabeba," Anifa akamjibu palepale. "Tukaogopa Wazaramo mtatuibia matairi njiani."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Twalibu akampigia makofi, na tangu hapo wakawa hawaachani kwa maneno.

Asubuhi waliosha. Msidhani kuosha ni kumwaga maji tu. Ndoo ya sabuni mbali, ndoo ya kusuuzia kitambaa mbali, maana mchanga ukirudi kwenye kitambaa ndio unaochora mikwaruzo. Kisha wakapitisha kile kidonge laini kama udongo kinachovuta uchafu uliogandia kwenye rangi. Anifa alikuwa hodari kuliko wote. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na tangu mtoto alikuwa akilala chini ya magari kama watoto wengine wanavyolala chini ya kitanda.

Ndipo Twalibu akaanza kuzunguka na tochi, gari moja baada ya jingine, anaonyesha kila mtu kasoro za rangi yake.

Alipofika kwenye Kresta alipitisha tochi kwenye boneti, akaja mpaka taa ya kushoto, akachuchumaa. Akapapasa chini ya taa kwa kidole. Halafu akacheka.

"Eee bwana! Gari hili rangi nimepaka mimi."

"Anza sasa," Anifa akasema. "Kesho utatuambia hata treni umepaka wewe."

"Wallahi vile, mtani. Ona tone hili limeganda hapa. Rangi ilinishuka nikaona uvivu kulisugua. Sasa nisikilize. Mashine pitisha gari zima, ila fenda hii ya kushoto, hii inayofunika tairi la mbele, usiiguse. Chini yake ni puti tupu, ule udongo wa kuzibia bati lililobonyea, na rangi ya juu nyembamba. Humu kazikwa ng'ombe mzima wa Kinyamwezi!"

Kicheko tena. Mzee Xavery alishika tumbo.

"Ng'ombe yupi huyo, fundi?" akauliza.

"Huyo aliyegongwa. Aliyelileta ndivyo alivyosema, kagonga ng'ombe huku kwenu. Nikamwambia ng'ombe wa Wanyamwezi hata taa hana, utamwonaje?"

Anifa alicheka kuliko wote. Nikikumbuka hapo roho inaniuma. Angesema Mhaya au Mchaga, Anifa angeacha kila kitu akauliza, unasema kweli? Lakini kasema mtani, na maneno ya mtani yakisemwa huchekwa yakaisha. Sisi tumezaliwa hivyo, hatuna sikio la pili la kumsikilizia Mzaramo.

"Wivu tu huo," akamwambia. "Gari la mchumba wangu limenunuliwa Dar likiwa safi, halijawahi kugonga hata kuku."

"Haya, mimi nimesema. Mnyamwezi haambiwi mara mbili, anaachwa atumbukie."

Mchana wakaanza mashine.

Twalibu aliwafundisha kubandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, maana kingoni rangi ni nyembamba na mashine huila upesi. Akawaonyesha kutia matone ya dawa kwenye sponji, kuituliza kwanza kwenye bati, ndipo uwashe. Akarudia mpaka wakachoka kumsikia.

"Mashine haipendi kusimama. Tembea nayo. Ukisimama mahali pamoja, inakula."

Anifa alianza na boneti. Jamani, yule mwanamke ana mkono! Mikwaruzo ilikuwa inafutika huku unaiona. Boneti likawa linaonyesha mawingu. Bernadeta aliacha kigari chake akaja kusimama pembeni.

"Shoga, Abdulatifu atalia Ijumaa."

"Alie tu. Kwani mimi nililia mara ngapi?" Anifa akasema, na alikuwa anacheka. Nataka mjue kwamba saa ile alikuwa na furaha. Ilikuwa imepita miaka miwili hajaijua.

Akamaliza boneti, akamaliza upande wa kulia wote. Akazunguka na waya wa mashine mpaka kwenye taa ya kushoto. Twalibu alikuwa ng'ambo ya uwanja akihangaika na pikapu ya mzee Xavery. Akamwona.

"Mtani! Ng'ombe!" akapiga kelele.

"Ngoja nimfufue!" Anifa akajibu.

Akaituliza sponji juu ya fenda ya kushoto, akawasha, na kwa kumkomoa mtani wake akaigandamiza hapohapo bila kutembea nayo. Watu wakashangilia. Twalibu akaacha kazi, akaanza kuja mbio akipunga mikono, na kadiri alivyopunga ndivyo walivyozidi kucheka.

Harufu ya kuungua ikatoka. Rangi ya fedha ikapauka, ikaliwa. Anifa akazima mashine.

Palipoliwa palikuwa na duara. Katikati puti, rangi ya uji wa ulezi. Pembeni yake, pale puti ilipokoma na bati kuanza, ilitokeza rangi ya zamani ya gari.

Damu ya mzee.

"Umemtoa damu ng'ombe wa watu!" Bernadeta akasema, na waliokuwa karibu wakacheka.

Anifa hakucheka. Aliigeuza mashine akaangalia sponji. Nayo ilikuwa imeshika rangi ileile. Akaweka mashine chini taratibu, akapangusa lile duara kwa kanga yake, akainama, akatazama tena. Rangi hii hakuhitaji kuambiwa na mtu. Amekaa nayo uani kwake miaka miwili, ameipangusa vumbi kila Ijumaa.

Twalibu alifika anahema. "Mtani umeniharibia kazi yangu! Si nilikwambia?"

"Fundi. Gari hili ulilipaka lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi lini?"

Namna alivyouliza ndiyo iliyomfanya Twalibu aache kutabasamu. "Ramadhani. Kumi la mwisho. Nakumbuka kwa sababu alinikimbiza, alitaka litoke kabla ya Idi."

Rashidi alizikwa kumi la mwisho. Anifa alikuwa ameshakoroga uji, ameuweka mkekani na tende, akawa anasikiliza kengele ya baiskeli.

Akakaa chini kwenye maji ya sabuni. Bernadeta akamwahi, akamkumbatia, akidhani ni umeme wa mashine umemdhuru. Anifa akamnong'oneza maneno machache tu. Bernadeta akatazama fenda, akatazama sponji, akajishika kichwa.

"Abdulatifu?" akasema. "Abdulatifu huyuhuyu aliyeleta mchele?"

Anifa akatoa simu akampigia. Akaweka sauti ya nje, maana hakuyaamini masikio yake peke yake.

"Mke mtarajiwa!" Abdulatifu aliitika kwa furaha, nyuma yake makuli wanasikika wakipakia magunia. "Habari za huko?"

"Nimelipiga polishi gari lako. Kwa mashine."

Makuli wakawa wanasikika wao tu.

"Fenda ya kushoto?" akauliza.

"Sijasema fenda, Abdulatifu. Sijasema kushoto."

"Anifa..."

"Kwa hiyo unajua kilichomo. Miaka yote hii umekula kwangu, umekunywa chai yangu mita chache kutoka ile baiskeli, na unajua!"

"Anifa, nakuomba kwa jina la Mungu. Sikuwa mimi kwenye usukani. Naondoka huku sasa hivi. Usifanye lolote, na nakusihi, usimwambie Majidi neno lolote mpaka nifike."

Akamkatia simu.

"Umesikia?" akamwambia Bernadeta. "Anamwogopa kaka yangu. Na amwogope! Majidi akijua atamla nyama. Ndoa hakuna. Mchele wake aliouleta nitamtapikia. Nipigie Majidi, mwambie aje hapa sasa hivi."

"Yuko njiani," Bernadeta akasema. "Si ulisema wifi yako anamtuma alete chakula?"

Twalibu alikuwa amesimama palepale muda wote huo. Kofia kaivua. Bernadeta akamweleza kwa kifupi: mume wa huyu aligongwa mwaka juzi, aliyemgonga hakujulikana, na baiskeli yake ina rangi hii.

Fundi yule aligeuka rangi. "Mimi niliambiwa ng'ombe," akasema. "Mungu shahidi, niliambiwa ng'ombe. Na leo nimesimama hapa nimewachekesha watu."

"Hukujua," Bernadeta akasema.

"Dada," Twalibu akamwita Anifa. Hakusema mtani. "Huyo Abdulatifu uliyeongea naye, ni mtu wa namna gani?"

"Mfupi. Mnene. Ana kipara. Kwa nini?"

Twalibu akatikisa kichwa polepole. "Basi siye aliyeniletea gari."

"Alimtuma nani?"

"Sijui jina. Alikuwa mrefu, mwembamba. Alilala gereji kwangu siku zote nilizokuwa napaka, hali chochote mpaka tumlazimishe. Nilimkumbuka kwa sababu ya mkono wake. Kila akishika kikombe nilikuwa nashangaa. Mkono wa kulia, kidole cha shahada hana."

Bernadeta aliziba mdomo kwa kiganja.

Anifa akamtazama fundi. Akatabasamu, tabasamu la ajabu, la kubembeleza.

"Unatania," akasema.

"Sitanii, dada."

"Wewe ni Mzaramo. Mimi Mnyamwezi. Tangu asubuhi unanitania. Haya, umenipata, nimeshikika. Sasa sema ni utani. Chukua kuku, chukua kanga hii, chukua unachotaka kwangu. Sema tu."

"Natamani," Twalibu akasema, na machozi yakamtoka mtu mzima yule. "Natamani ningeweza."

Bodaboda ikasimama getini. Majidi akashuka na chakula kwenye hotipoti, kaifunga kwa kitambaa cha maua, anatabasamu toka mbali.

"Fundi wangu wa kike yuko wapi? Wifi yako kapika wali na kisamvu, kasema usipomaliza asikuone nyumbani!"

Alikuja anapita katikati ya magari, anasalimia watu. Akafika. Akamwona Anifa chini, kanga imelowa.

"Leo hata shikamoo hamna?" akasema. "Umefanyaje mdogo wangu? Umeanguka?"

Hapo ndipo alipoinua macho akamwona Twalibu. Wakatazamana. Kisha macho ya Majidi yakaenda yenyewe kwenye fenda ya kushoto. Hotipoti ikamponyoka, wali ukamwagika kwenye maji ya sabuni.

Anifa aliona yote hayo, na bado alisubiri. Nikimwuliza leo alikuwa anasubiri nini, anasema hajui.

"Kaka. Huyu fundi anasema anakufahamu."

Majidi akacheka. Kicheko kilitoka kwa kusukumwa. "Huyu? Huyu si Mzaramo huyu? Mtani wetu huyu, Anifa, tangu lini ukamsadiki Mzaramo? Hawa wanalala makaburini wakaamka wakacheka! Fundi, hebu mwambie. Mwambie unamtania."

Na jicho alilomtazama nalo lilikuwa la mtu anayezama.

Watu wote wakamgeukia Twalibu. Ilikuwa ni neno moja tu. Angelisema, wangelicheka kidogo, Anifa angelishika kama alivyotaka kulishika, Abdulatifu angebeba mzigo wote peke yake, na Ijumaa Anifa angekuwa amempoteza mtu mmoja tu.

"Mtani anazuia jeneza," Twalibu akasema. "Anaingia kaburini. Lakini hamzulii maiti uongo. Mimi hilo siwezi, bwana. Nisamehe."

Akatoka akaenda kusimama mbali, akawapa mgongo. Mzee Xavery naye akawaondoa wengine. Akabaki Bernadeta peke yake, kwa sababu Anifa alikuwa kamshika mkono hamwachii.

Majidi akapiga magoti kwenye ule wali.

"Nilitumwa Mpanda kulichukua," akasema. "Lilikuwa halijawahi kuingia hapa mjini. Nilikuwa nimefunga, nina usingizi, nikasema nikimbize niwahi futari. Jua lilikuwa machoni. Sikumwona, Anifa. Naapa sikumwona. Nilisikia kishindo tu."

"Ukadhani ng'ombe."

"Hapana." Akainamisha kichwa. "Nilishuka."

"Ulishuka?"

"Nilishuka nikamwangalia. Nikaona ni Rashidi."

Bernadeta akaanza kulia kwa sauti. Anifa hakulia.

"Nikampigia bosi nimechanganyikiwa. Akaniambia nisiingie mjini, nigeuze, niende Dar. Nikamsikiliza. Nilirudi kwa basi, nikakukuta umeshafiwa, nikakushika, nikawa nasema nitakwambia kesho. Kila siku kesho. Baadaye bosi akaanza kukuletea vitu, nikajua naye haimtoki. Aliposema atakuoa nikaona labda Mungu ameamua kufuta."

"Kufuta nini?"

Majidi akautazama wali uliomwagika.

"Aliniita shemeji," akasema.

Anifa akauachia mkono wa Bernadeta. "Nani?"

"Rashidi. Nilipomshika kichwa alifumbua macho. Alinijua. Akaniita shemeji."

"Kwa hiyo alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Akasema, 'Shemeji, Anifa asijue kama ni wewe. Atabaki na nani?' Hilo ndilo neno lake, Anifa. Ndilo lililonifunga mdomo. Nimelibeba miaka miwili, nikilala linaniamsha. Niamini kwa hilo tu, mengine yote unihukumu."

Treni ya mizigo ilikuwa inapiga honi stesheni, ikanyamaza.

Anifa alimtazama kaka yake usoni kwa muda mrefu. Uso ule ndio uliomwamsha kwenda shule, ndio uliomwozesha kwa Rashidi. Labda neno lile lilikuwa la Rashidi kweli, ndivyo alivyokuwa. Au lilikuwa la Majidi, aliyekuwa na miaka miwili ya kulitunga. Mwingine pekee aliyekuwapo pale alikuwa kaburini.

"Alikuwa anaongea," Anifa akasema.

"Alikuwa anaongea."

"Maneno yote hayo. Alikuwa na pumzi ya maneno yote hayo."

"Ndiyo."

"Na gari lilikuwa linatembea?"

Majidi akainua kichwa. Ni kama hakuwa amewahi kuulizwa swali hilo, hata na nafsi yake.

"Nakuuliza, kaka. Baada ya kumgonga. Gari lilikuwa linatembea?"

"Lilikuwa linatembea," akasema.

"Lilitembea mpaka wapi? Hospitali?"

"Mpaka Dar," akasema.

Anifa akasimama. Akajifunga upya ile kanga iliyolowa. Akaenda kwenye Kresta, akabandua tepu za karatasi moja moja, akazikunja, akazitia kwenye ndoo ya taka kama alivyofundishwa asubuhi. Mashine akaichomoa kwenye umeme, waya akauzungusha vizuri. Halafu akafungua mlango wa dereva.

"Panda," akasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Panda, kaka."

"Anifa, usiende naye peke yako!" Bernadeta akamshika mkono. Anifa akautoa mkono wa shoga yake kwa upole.

Majidi akainuka na wali magotini. Akafungua mlango wa kushoto, akaketi, akafunga mkanda. Hakuuliza tena.

Simu ya Anifa ilikuwa inaita, juu yake jina la Abdulatifu. Aliiacha iite. Kwenye kiti cha nyuma ilikuwa imetundikwa kanzu nyeupe ya walii, imetoka kwa fundi cherehani asubuhi ileile.

Getini barabara inagawanyika. Kulia unaingia mjini, na kituo cha polisi kiko huko. Bernadeta na Twalibu walikuwa wamesimama wakiangalia, na kila mmoja alijua mtu mwenye akili timamu atapinda wapi.

Anifa akasimamisha gari kidogo, akatazama pande zote mbili kama dereva mwema.

Akakata kushoto, njia ya Itetemia, kule alikogongwa Rashidi.